Jiwe jeusi la Ruangwa: maji au moto?

(Mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, leo nimekuja mbele yako nikiwa mdaiwa. Mwaka juzi, katika kipindi hiki hiki, nilizungumzia madini ya mikoa ya kusini, na nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba kinywe cha Ruangwa kilitokana na moto wa volkeno. Sikuwa nimemuuliza mtaalamu yeyote. Niliona jiwe jeusi, nikakumbuka majivu ya Ol Doinyo Lengai, nikaunganisha mambo mawili yasiyo na undugu. Kipindi kikaisha, muziki ukapigwa, nikaenda zangu kunywa chai.

Sisi watu wa redio tuna tabia ya kudhani kwamba maneno yakishatoka hewani yamepotea. La hasha. Maneno yangu yalifika Nkowe, wilayani Ruangwa, kwenye baraza la nyumba ya mjomba wangu, na huko yakafanya kazi ambayo sikuyatuma.

Nilikwenda Nkowe kwa hitima ya mama yangu mdogo. Niliposhuka garini nilimkuta mjomba amekaa kwenye kigoda, pembeni yake yupo rafiki yake wa miaka mingi, fundi seremala mstaafu ambaye hadi leo hatoki nyumbani bila penseli sikioni. Nikasema, “Shikamoo mjomba.” Akajibu, “Marahaba mjomba. Kula kwanza, upumzike. Halafu tuna kesi na wewe.”

Kesi ilisomwa baada ya chai. Wazee hawa wawili walikuwa wakibishana kwa miaka juu ya jiwe jeusi linalong'aa, lile linalopaka mkono rangi ya kijivu ukiligusa. Mjomba alishikilia kwamba ni msitu wa zamani uliozama ardhini ukageuka mkaa. Seremala alishikilia kwamba ni kitu cha moto, kilichopanda kutoka chini kupitia nyufa. Siku niliposema redioni kwamba ni volkeno, seremala aliongeza sauti ya redio mpaka majirani wakasikia. Walikuwa wamewekeana jogoo. “Jogoo wangu,” alisema mjomba, “aliliwa kwa ushahidi wako.”

Nilicheka. Mjomba hakucheka. Akatoa jiwe mfukoni, ambalo alisema liliokotwa upande wa Matambarale, akaliweka mezani. Akasema, “Mjomba, unadhani tunabishana kwa kukosa kazi. Watu wamekuja huku na vigingi. Nina mikorosho yangu pale bondeni, aliipanda baba. Nataka kujua jiwe hili limepita chini ya mikorosho au limeishia kilimani. Kama ni kitu cha moto kilichopanda kwenye ufa, litaishia pale ufa unapoishia. Kama ni kitu kilichotandikwa, basi kimetandikwa pote, na sisi ndio tuko juu yake. Sasa wewe umesema ni moto. Una hakika?”

Ndugu msikilizaji, sikuwa na hakika. Nilirudi mjini na swali la mjomba, nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwaka juzi: niliwauliza wanaojua na nikasoma. Nimegundua kwamba wazee wangu wa Nkowe walikuwa wanarudia, bila kujua, ubishi mkubwa na wa siku nyingi wa sayansi ya miamba.

Kwanza tujue kinywe ni nini. Ni kaboni tupu, kaboni ile ile iliyomo kwenye mkaa wa jikoni, kwenye masizi ya taa na kwenye miili yetu. Tofauti ni jinsi chembe zake zilivyopangwa. Katika kinywe zimepangwa kama karatasi juu ya karatasi, na karatasi hizo huteleza kirahisi. Ndiyo maana kinapaka mkono, kinalainisha vyuma na kinaandika. Ile penseli iliyo sikioni mwa seremala ina kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Tunaiita risasi ya penseli, na jina hilo lenyewe ni kosa la kale. Huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, kinywe kilichimbwa tangu karne ya 16, na watu wakadhani ni aina ya risasi. Ni mwaka 1779 ndipo mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alipoonyesha kwamba ni kaboni. Miaka kumi baadaye, mwaka 1789, Mjerumani Abraham Gottlob Werner akakipa jina la grafiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika.

Huyu Werner alikuwa mwalimu maarufu wa miamba, na aliamini kwamba miamba karibu yote ya dunia ilitokana na maji, yaani bahari ya kale iliyofunika kila kitu na kuacha mashapo yake. Wakati huo huo, kule Edinburgh, James Hutton alifundisha kwamba moto ulio ndani ya dunia ndio uliounda miamba mingi na kuinua milima. Wanafunzi wa pande hizo mbili walishindana kwa miaka mingi, watu wa maji na watu wa moto. Leo tunajua kwamba kila upande ulikuwa na sehemu yake ya kweli. Basi mjomba alikuwa jirani na watu wa maji, seremala alikuwa mtu wa moto, na baraza la Nkowe likawa kama chuo cha Ulaya cha karne ya 18, isipokuwa tu kwamba wale wa Ulaya, kwa ninavyojua, hawakuwekeana jogoo.

Sasa tuitazame hoja ya wale wanaosema kinywe cha aina ya Ruangwa kina asili ya majini. Wanaanza na jinsi kinavyokaa ardhini. Kimekaa katika matabaka, ndani ya miamba ambayo zamani ilikuwa matope na mchanga, kisha ikabanwa na kupikwa. Tabaka likipinda, kinywe nacho kinapinda. Likipanda kilima, nacho kinapanda. Kitu kinachofuatana na matabaka namna hiyo, wanasema, kilikuwamo tangu matope yalipotua chini ya bahari.

Hoja ya pili ni nzuri zaidi, na ningependa uisikilize kwa makini. Kaboni ya dunia ni ya namna mbili hasa: nyepesi na nzito kidogo. Katika kila chembe mia moja, karibu 99 ni nyepesi na moja ni nzito. Viumbe vinavyojitengenezea chakula kwa jua, kuanzia majani hadi vimelea vya baharini visivyoonekana kwa macho, vina tabia ya kuchagua nyepesi na kuiacha nzito. Kwa hiyo chochote kilichowahi kuishi kina upungufu wa kaboni nzito. Wataalamu hupima upungufu huo kwa kulinganisha na gamba la kiumbe wa bahari ya kale kutoka Carolina Kusini, Marekani. Kaboni inayopanda kutoka tumboni mwa dunia ina upungufu wa sehemu kama 5 hadi 7 katika kila elfu. Kaboni ya viumbe ina upungufu wa sehemu 20 hadi 30. Na kinywe cha matabaka, cha aina inayopatikana katika ukanda wetu, kwa kawaida huangukia upande wa viumbe. Hata baada ya mamia ya mamilioni ya miaka ndani ya tanuri la ardhi, alama ya uhai bado imo.

Hoja ya tatu inatoka Merelani, mkoani Manyara, ambako tanzanite iligunduliwa mwaka 1967. Tanzanite inachimbwa katika miamba yenye kinywe kingi, na wachimbaji wake hutoka shimoni weusi kwa vumbi la kinywe. Rangi ya buluu ya tanzanite inatokana na madini yaitwayo vanadiamu. Na vanadiamu, pamoja na madini mengine kadhaa, hupenda kujikusanya katika matope meusi ya baharini yenye mabaki mengi ya viumbe na hewa haba. Kwa hiyo anayevaa pete ya tanzanite anaweza kuwa amevaa kidoleni ukumbusho wa tope la bahari ya zamani.

Lakini tahadhari. Ukisikia viumbe usifikirie msitu, na hapa ndipo mjomba wangu alipokosea. Miamba hii ilipikwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, na tope lenyewe lilikuwa limetua kabla ya hapo. Wakati huo hakukuwa na mti hata mmoja duniani. Nchi kavu ilikuwa mawe matupu, na uhai ulikuwa baharini, nao ulikuwa zaidi vimelea na miani. Msitu uliogeuka mkaa tunao, lakini uko kwingine: ni makaa ya mawe ya Ngaka kule Mbinga na Mchuchuma kule Ludewa, na hayo ni machanga zaidi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kinywe cha Ruangwa ni babu wa mababu wa makaa yale.

Sasa tuwape nafasi watu wa moto, maana mwandishi anayesikiliza upande mmoja huishia kama nilivyoishia mimi. Wao wanasema: ni kweli matabaka yapo, lakini nendeni Sri Lanka. Kule kinywe kinapatikana katika mishipa, yaani nyufa zilizojaa kinywe safi kinachopita asilimia 95. Hakikutua na matope. Kililetwa na maji moto na gesi zenye kaboni zilizopita katika nyufa hizo, na kilipopoa kikabaki pale. Asili ya gesi hizo inabishaniwa hadi leo, kwa kuwa vipimo vya kaboni yake mara nyingi huangukia katikati, si upande wa viumbe kabisa wala si upande wa tumbo la dunia kabisa. Na Sri Lanka si mgeni kwetu. Zamani hizo nchi ile, Madagaska, India ya kusini na Afrika Mashariki zilikuwa zimeshikana katika bara moja kubwa lililoitwa Gondwana. Madagaska nako kinywe kimechimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kipo kile cha Balama, miongoni mwa hazina kubwa kabisa duniani. Ukanda ni mmoja.

Watu wa moto wanaongeza kwamba hata ndani ya matabaka, magamba makubwa ya kinywe mara nyingi hupatikana pale miamba ilipojikunja au kupasuka, mahali ambapo maji moto yangeweza kupita na kukusanya kaboni upya. Tena wanasema kipimo cha kaboni nyepesi kinaweza kudanganya. Kinywe kikipikwa karibu na mawe ya chokaa, kaboni zao hubadilishana, na alama ya mwanzo hufifia. Kwa hiyo kusema “kipimo kimeonyesha uhai” kunahitaji uangalifu, tabaka kwa tabaka, kilima kwa kilima.

Nani basi mshindi? Jibu linalonivutia zaidi linatoka kule kule Borrowdale penseli zilikoanzia. Kinywe cha Borrowdale kiko ndani ya miamba ya volkeno hasa. Mtu wa moto angefurahi. Lakini kilipopimwa, kaboni yake ilionyesha kwamba ilitoka katika matope ya bahari yaliyokuwa chini zaidi, ambayo uji wa moto uliyameza ulipokuwa ukipanda. Moto ulikuwa mchukuzi tu, mzigo wenyewe ulikuwa wa bahari. Kwa upande wa Ruangwa, wataalamu wengi wanaegemea kwamba mzigo ulikuwa wa bahari pia, na kwamba joto na maji ya ndani ya ardhi vilikuja baadaye kuupika na kuusogeza hapa na pale. Ubishi uliobaki ni kiasi gani kilisogezwa, na umbali gani.

Hapo linazuka swali kubwa zaidi: bahari gani? Nkowe ya leo ni nchi ya mikorosho, ufuta na mbaazi. Bahari ya Hindi iko mbali. Hapa pana ubishi wa pili, na ndani yake yumo mtu mmoja ambaye habari zake zilinigusa.

Mwaka 1911, kijana wa Kiingereza wa miaka 21 aitwaye Arthur Holmes alipelekwa Msumbiji kutafuta madini. Hakupata madini ya maana. Alipata malaria, tena kali kiasi kwamba kwao zilifika habari kwamba amefariki. Alipona, akarudi, na baadaye akawa miongoni mwa wanajiolojia wakubwa wa karne yake na mmoja wa watu wa kwanza kupima umri wa miamba kwa madini ya urani. Mwaka 1951 ndiye aliyeutambulisha ukanda huu wa miamba iliyopikwa, unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya kwenda kaskazini, akauita Ukanda wa Msumbiji. Ila wakati ule nadharia ya mabamba ya ardhi yanayosogea ilikuwa haijakubalika, kwa hiyo swali la jinsi ukanda ulivyotokea lilibaki wazi.

Kundi moja likasema: hapakuwa na bahari kubwa. Palikuwa na bonde refu ndani ya bara moja, likajaa mashapo, kisha likabanwa na kupikwa pale pale. Ushahidi wao ni kwamba sehemu kubwa ya miamba ya ukanda huu ndani ya Tanzania ni mikongwe mno, ina zaidi ya miaka bilioni mbili, yaani ni bara la kale lililopikwa mara ya pili. Kundi la pili likasema: palikuwa na bahari kamili, wakaiita Bahari ya Msumbiji, iliyotenganisha mabara mawili, na ilipofungwa mabara yaligongana na kuinua milima ya kufanana na Himalaya. Ushahidi wao ni vipande vya sakafu ya bahari vilivyobanwa katikati ya miamba huko Misri, Sudan, Ethiopia na Saudi Arabia. Mwaka 1994 Robert Stern, mtaalamu wa Marekani, aliandika makala iliyoyakusanya haya na kuyaeleza kama mgongano mmoja mkubwa. Utafiti wa miaka ile ile ya 1990 ukaonyesha kwamba miamba ya Pare, Usambara na Uluguru haikutokana na bara lile kongwe la magharibi, bali ni michanga zaidi. Upande wa bahari ukapata nguvu, na leo ndio wenye wafuasi wengi. Lakini mshono wenyewe, mahali hasa ambapo mabara mawili yalikutana ndani ya Tanzania, bado wanautafuta, na kusini mwa nchi yetu ni miongoni mwa sehemu zenye maswali mengi.

Usishangae kwamba wasomi wanaweza kubishana muda mrefu hivyo. Huko Sudbury, Kanada, kuna bonde lenye nikeli nyingi sana, lililogunduliwa mwaka 1883 wakati wa kujenga reli. Kwa miongo mingi wataalamu walisema ni kazi ya volkeno. Mwaka 1964 Robert Dietz akasema bonde lile lilichimbwa na kimondo kutoka angani, na akaonyesha alama za mpasuko zinazoachwa na kishindo cha namna hiyo. Wengi hawakumkubali mara moja. Leo wengi wanakubali kwamba kimondo kiliangukia pale kama miaka bilioni 1.85 iliyopita. Nchi ile haikukaa kusubiri wageni waje kuieleza ardhi yake. Ilichora ramani, ilitunza sampuli, na ubishi ukafanyika juu ya mawe yaliyokuwapo kabatini.

Nalitaja Sudbury kwa sababu nasi tuna nikeli, pale Ntaka, wilayani Nachingwea. Wataalamu wa nikeli hupenda kujua kama uji wa moto ulioileta ulipita katika matope meusi yenye salfa, maana salfa hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoikusanya nikeli mahali pamoja. Kwa hiyo historia ya tope la Ruangwa inaweza kugusa hata madini ya jirani yake.

Narudi kwenye swali la mjomba, maana yeye hakuuliza kwa ajili ya mitihani. Ikiwa kinywe ni cha matabaka, anayetafuta hufuata tabaka, hata likipita chini ya mikorosho, na hesabu ya mgodi inakuwa ya miaka mingi. Ikiwa ni cha mishipa, kinaweza kuwa safi sana, lakini chembamba na cha kukatika ghafla. Hata ukubwa wa magamba una bei yake. Gamba linalozidi theluthi moja hivi ya milimita huitwa jambo katika biashara hiyo, na moja ya miradi ya Ruangwa imejipa jina hilo hilo, Lindi Jumbo. Ipo pia Nachu na Chilalo. Dunia inakitaka kinywe kwa ajili ya betri za magari ya umeme, ambamo ndicho kinachobeba chaji upande mmoja wa betri. China ndiyo inayozalisha kingi kuliko wote, na Desemba 1, 2023, ilianza kudai vibali maalumu kwa kukiuza nje. Tangu hapo macho ya wengi yamezidi kuelekea huku kwetu.

Basi wageni wanaokuja na vigingi wanajua nadharia hizi zote. Wanatoboa ardhi, wanatoa vijiti vya mwamba, wanavipima. Je, sisi? Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Hilo ni jema. Lakini kwa maelezo ya Wizara ya Madini yenyewe, ilipotangaza Dira yake ya 2030, eneo la nchi lililokuwa limepimwa kwa kina kwa ndege za utafiti lilikuwa nalo asilimia 16 tu, na lengo likawa kufika asilimia 50. Tunayo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1925. Tunao vijana wanaosomea jiolojia. Anayeingia kwenye mazungumzo ya mgawanyo bila kujua tabaka linaanzia wapi na linaishia wapi, huyo anagawana kitu asichokiona.

Na watu wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda bara. Ila udongo na mvua hawakuvichunguza vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Haraka ya mtu haina neno na ardhi. Ardhi hujibu aliyeiuliza.

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita nilipiga simu Nkowe. Niliwaomba wazee wangu wawili wakae pamoja, simu iwekwe kwenye kipaza sauti. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe: si msitu, si volkeno, bali tope la bahari ambayo haipo tena, lililopikwa milima ilipoinuka, na huenda likasogezwa kidogo na maji moto. Nikamwambia mjomba kwamba kwa kinachojulikana, kinywe cha huko ni cha kutandikwa zaidi kuliko cha kupanda kwenye ufa. Lakini kama kimepita chini ya mikorosho yake, hilo halisemwi kwa simu kutoka mjini. Linasemwa na kipimo, na ana haki ya kuonyeshwa kipimo hicho kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi yoyote.

Kukawa kimya. Kisha seremala akasema, “Bwana mtangazaji, kwa hiyo moto ulikuwepo.” Mjomba akadakia, “Ulikuwepo jikoni. Aliyepikwa ni wangu.” Wakaanza upya, nami nikasahauliwa simuni.

Kabla sijakata nilimwambia mjomba kwamba jogoo nitamlipa mimi. Akaniuliza swali moja tu: hayo ya leo, utayasema redioni kwa sauti ile ile uliyosemea yale ya uongo? Nikamwahidi. Leo nimetimiza, na jogoo ataondoka na basi la Jumamosi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.